Kufunga na kupanga themostati ya jiko la peleti

Jiko la peleti halizimiki kama taa. Ukibonyeza kitufe cha kuzima, peleti (vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) zilizokwisha kuanguka ndani ya chungu cha moto huendelea kuwaka, feni huendelea kupuliza, na chuma huendelea kutoa joto kwa nusu saa au zaidi. Ukiliwasha, itapita robo saa kabla hujahisi joto la maana. Themostati nyingi zilizoko madukani zimetengenezwa kwa ajili ya matanuri ya gesi na boila za mafuta, mashine za kupashia nyumba nzima joto zinazowaka na kuzima upesi. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga themostati nzuri, nyaya zote zikakaa sawa, na bado jiko likamsumbua msimu mzima: linawaka, linazima, linawaka tena, na kiwashio kinaungua katikati ya Februari. Hapo kosa mara nyingi haliko kwenye waya. Liko kwenye mipangilio.

Maelezo haya yanamlenga aliye na jiko hili katika majimbo ya baridi ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, kama Maine, Vermont na New Hampshire. Huko majiko ya peleti ni ya kawaida, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaishi miji kama Portland na Lewiston. Kwa kuwa themostati za huko huonyesha Farenhaiti, vipimo vimeandikwa kwa °F, na °C ikifuata.

Kinachotokea themostati inapoomba joto

Chumba kikipoa chini ya kiwango ulichopanga, themostati huunganisha nyaya mbili. Ni hilo tu. Haiongezi moto wala kuupunguza yenyewe. Ni swichi inayobonyezwa na baridi. Kazi yote iliyobaki ni ya bodi ya umeme ya jiko.

Bodi huwasha kwanza feni ya moshi, ili hewa ipite ndani ya chungu cha moto na kutoka nje kwa bomba. Kisha huwasha kiwashio, fimbo ya umeme ya wati 300 hivi iliyo nyuma au chini ya chungu, na kuzungusha parafujo ndefu inayoteremsha peleti kutoka kwenye sanduku lake. Baada ya dakika 4 hadi 8 peleti hushika moto. Moshi ukipata joto la kutosha, swichi ndogo iliyobanwa kwenye njia ya moshi huijulisha bodi kwamba moto upo kweli. Kiwashio huzimwa, chuma kikichemka feni ya chumba huanza kusukuma joto, na jiko linaingia kazini. Joto lisipohisiwa ndani ya dakika 15 hadi 20, bodi husimamisha kila kitu na kuonyesha taa au namba ya hitilafu.

Kuzima nako kuna hatua zake. Parafujo husimama, lakini feni ya moshi lazima iendelee mpaka chungu kimalize kuwaka na chuma kipoe, na kwa majiko mengi hiyo ni dakika 20 hadi 40. Themostati ikiomba joto katikati ya muda huo, bodi nyingi humaliza kwanza kupoza ndipo zianze upya.

Kwa hiyo kuwaka na kuzima mara moja kunakula karibu saa nzima. Kunapunguza umri wa kiwashio, na kunaleta moshi na masizi mengi kuliko moto uliokwisha kutulia, kwa sababu peleti zinaposhika na zinapokufa ndipo zinapoungua vibaya zaidi. Unachokitafuta unapopanga themostati ya jiko hili ni mizunguko michache na mirefu. Kila shauri linalofuata linatoka hapo.

Kabla ya kununua

Mulika nyuma ya jiko kwa tochi, au fungua ubavu wa upande wa bodi, utafute terminali mbili, yaani sehemu za kufungia nyaya. Kwa kawaida zimeandikwa TSTAT, T/T au THERMOSTAT. Mara nyingi kiwanda huziunganisha kwa kipande kifupi cha waya, na maana ya kipande hicho ni kuliambia jiko kwamba joto linaombwa muda wote. Kitabu cha jiko kitasema kama kinatakiwa kutolewa themostati ikifungwa. Kwa majiko mengi ndivyo, na anayekisahau atakuwa na jiko lisilozima kamwe.

Kati ya terminali hizo hupita umeme mdogo: baadhi ya majiko hutumia volti 24 kutoka transfoma yake ndogo, mengine volti 12 au 5 kutoka kwenye bodi. Kwa zote inatosha themostati rahisi ya waya mbili, inayotumia betri zake yenyewe, ya aina ya kupasha joto tu. Aina mbili usiziguse. Ya kwanza ni themostati za hita za umeme za ukutani, zenye nyaya nene na maandishi ya volti 120 au 240. Ya pili ni mpango wowote unaopeleka umeme kutoka nje, mathalani kutoka kwenye boila, kuingia kwenye terminali za jiko. Jiko linatarajia swichi kavu, isiyoleta umeme wake. Ukiliingizia volti 24 za mahali pengine, bodi inaungua, na bodi ndiyo miongoni mwa vipuri ghali kuliko vyote.

Si kila waya unaotoka nyuma ya jiko ni wa themostati. Majiko kama ya Harman huja na sensa ya chumba, ambayo si swichi: ni kipande kinachobadilisha ukinzani kadiri joto linavyobadilika, na bodi husoma badiliko hilo na kuongeza au kupunguza peleti kidogo kidogo. Sensa ya namna hiyo ikikaa mahali pazuri hufanya kazi laini kuliko themostati ya ukutani, kwa hiyo kama jiko lako linayo, anza na hiyo. Majiko mengi ya Italia yana sensa ndani tayari na hushusha moto yenyewe chumba kinapokaribia kiwango; themostati ya nje ni ya hiari, na ukiifunga unapaswa pia kuliambia jiko kwenye menyu yake kwamba sasa lisikilize ya nje.

Jambo la mwisho kabla ya kutoa pesa: je, jiko lina kiwashio cha umeme? Majiko ya zamani huwashwa kwa mkono, kwa jeli na kiberiti. Hayo yanaweza kufungwa themostati, lakini kwa kupanda na kushuka tu, si kwa kuwaka na kuzima.

Mahali pa kuiweka

Hapa watu wengi huharakisha kwa sababu waya ni mfupi, kisha wanalipia haraka hiyo miaka mitano. Themostati hupima hewa inayoigusa. Ukiiweka mbele ya feni ya jiko, itadhani nyumba nzima imepata joto ndani ya dakika kumi. Ukiiweka kwenye ukuta wa nje, itahisi baridi ya ukuta na kuunguza peleti bure.

Tafuta ukuta wa ndani, katika chumba chenye jiko au sebule inayopakana nacho kwa uwazi mpana, urefu wa mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, na mita 3 au zaidi kutoka kwenye jiko, nje ya njia ya upepo wake. Epuka karibu na mlango wa nje, dirisha, jua la mchana, jiko la kupikia, televisheni au taa inayotoa joto. Usiiweke chumba cha kulala chenye mlango unaofungwa, kwa sababu mlango ukifungwa joto halifiki, themostati inaendelea kuomba, na sebule inageuka tanuru huku anayelala akitetemeka.

Ukishapitisha waya, ziba tundu la ukutani kwa silikoni au pamba ya kuzuia upepo. Ndani ya kuta za jipsamu hutembea hewa baridi, na kijitundu cha ukubwa wa kidole kinatosha kuifanya themostati isome nyuzi mbili au tatu chini ya joto halisi la chumba.

Kufunga waya

Unahitaji waya wa themostati wa geji 18 wenye nyuzi mbili za shaba, bisibisi ndogo, kisu cha kuchunia waya, maltimita, na vibanio vya plastiki. Waya wa spika au wa simu uache. Si kwamba hautapitisha umeme, bali nyuzi zake laini hukatika kwenye skrubu na hukupa hitilafu zinazokuja na kwenda, ngumu kuliko zote kuzitafuta.

Zima jiko, subiri lipoe kabisa hadi feni zisimame, ndipo uchomoe plagi ukutani. Kuchomoa jiko linapowaka ni kusimamisha feni ya moshi, na moshi utarudi sebuleni.

Pitisha waya kutoka kwenye jiko hadi ukutani ukiuweka mbali na bomba la moshi, angalau sentimita 10, na usiuache ulale juu ya chuma cha mgongo wa jiko. Ukiubana kwa vibanio usiukandamize; pini ya chuma inayotoboa ganda hugusanisha nyaya mbili, na jiko litaona hiyo kama ombi la joto lisilokwisha. Acha waya wa ziada wa nusu mita nyuma ya jiko, ili siku ya kulisafisha uweze kulivuta bila kung'oa kitu.

Chuna milimita 8 za kila ncha. Upande wa themostati, nyuzi moja inaingia terminali iliyoandikwa R na nyingine W. Kama themostati ina Rh na Rc zilizounganishwa, tumia Rh. Upande wa jiko, toa kile kipande cha kiwandani kama kitabu kinasema hivyo, kisha funga nyuzi mbili kwenye terminali mbili. Ipi iende wapi haijalishi, maana ni swichi; lakini hakikisha hakuna unywele wa shaba unaogusa bati la jiko.

Kabla ya kufunga upande wa jiko, fanya jaribio moja dogo. Weka themostati juu, isikike ikilia "tik", kisha pima ncha mbili za waya kwa maltimita kwenye alama ya kuendelea kwa umeme. Inapaswa kulia. Ishushe, inyamaze. Ukipata hayo mawili, waya na themostati ni vizima, na lolote litakalotokea baadaye utajua liko ndani ya jiko.

Asiyeweza kutoboa ukuta, hasa mpangaji, anunue themostati isiyo na waya. Kipokezi chake kinafungwa nyuma ya jiko kwenye terminali zilezile, na themostati yenyewe inakaa mezani au inaning'inizwa. Kipokezi kisiguse chuma chenye moto, na betri zibadilishwe kila Oktoba bila kungoja alama ya onyo. Mpangaji pia aombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kugusa jiko. Bima ya nyumba inaweza kuuliza nani alifanya nini.

Kuwaka na kuzima, au kupanda na kushuka?

Jiko nyingi zina swichi au menyu yenye njia mbili. Ya kwanza, ON/OFF au AUTO, huzima moto kabisa chumba kikifika kiwango na kuuwasha upya kikipoa. Ya pili, HI/LOW, haizimi: chumba kikifika kiwango moto hushuka hadi chini kabisa, na joto likiombwa hupanda hadi kiwango ulichochagua.

Watu hubishana ipi inaokoa peleti. Jibu linategemea hali ya hewa. Jiko la kawaida likiwa chini kabisa hula kilo 0.7 hivi kwa saa, na juu kabisa kilo 2 au zaidi kidogo. Mfuko wa Marekani ni paundi 40, yaani kilo 18, kwa hiyo mfuko mmoja unadumu karibu siku nzima moto ukiwa chini, na saa nane au tisa ukiwa juu. Januari, nje kukiwa 10°F (−12°C), nyumba inapoteza joto muda wote na moto mdogo haupotei bure hata kidogo. Tumia HI/LOW. Oktoba na Aprili, mchana ukifika 50°F (10°C), moto mdogo usiozima utakulazimisha kufungua madirisha. Hapo ON/OFF ndiyo ya kutumia, na ikiwezekana iwake mara moja alfajiri na mara moja jioni.

HI/LOW ina tatizo lake. Moto mdogo wa muda mrefu ni mchafu. Kioo huwa cheusi, masizi hujenga ndani ya bomba, na majivu hushikamana chunguni yakawa kama jiwe na kuziba matundu ya hewa. Kwa hiyo kila siku liache jiko liwake juu kwa nusu saa, na ukoroge au ukwangue chungu kila asubuhi. Na kama moto mdogo unakufa wenyewe usiku, usiilaumu themostati. Peleti zinazoanguka ni chache mno, au hewa ni nyingi mno, kiasi kwamba swichi ya kuthibitisha moto inapoa na bodi inadhani moto umezimika. Ongeza kidogo kiwango cha chini cha kulisha peleti. Majiko mengi yana marekebisho hayo, kwa kitufe au kwa skrubu ndogo kwenye bodi.

Tofauti ya nyuzi

Kama utasoma sehemu moja tu, iwe hii. Kila themostati ina umbali kati ya nyuzi inazowashia na nyuzi inazozimia. Kwenye menyu utauona kwa neno Swing, Differential au Temp Band. Kiwandani huwekwa 0.5°F au 1°F, kwa sababu tanuri la gesi linawaka na kuzima bila gharama. Kwa jiko la peleti umbali huo ni mdogo mno. Jiko litawaka chumba kikishuka nusu digrii, na kabla halijakomaa themostati imetosheka.

Anza na 2°F (kama 1°C) kwa njia ya HI/LOW, na 3°F hadi 4°F (kama 2°C) kwa ON/OFF. Maana yake, ukipanga 68°F (20°C) kwa tofauti ya 3°F, jiko litawaka kwenye 66.5 au 65 kutegemea themostati inavyohesabu, na litazima kwenye 69.5 au 68. Chumba kitapanda digrii moja au mbili zaidi baada ya kuzima, kwa lile joto lililobaki ndani ya chuma. Ukiona joto linazidi, usipunguze tofauti. Shusha kiwango chenyewe kwa digrii moja.

Themostati nyingi za Honeywell hazina tofauti ya nyuzi, zina idadi ya mizunguko kwa saa, iliyoandikwa CPH au Cycle Rate. Mpangilio wa tanuri la kawaida la gesi ni 5. Shusha hadi 1, ule ambao kwa kawaida huwekwa kwa mfumo wa mvuke. Kama themostati yako haikuruhusu kubadili lolote kati ya haya mawili, irudishe dukani ungali na risiti.

Themostati za zamani za mshale na sindano zina kihita kidogo ndani, kinachorekebishwa kwa kimkono kinachoteleza juu ya mstari wa namba. Kisogeze upande wa "LONGER" hadi mwisho. Zenye chupa ya zebaki lazima zikae sawasawa kwa pimamaji, na zikiondolewa zipelekwe kituo cha taka za sumu.

Pima kazi yako kwa kalamu na karatasi siku mbili. Andika kila saa jiko linapowaka na linapozima. Siku ya baridi ya wastani, kwa ON/OFF, kuwaka mara nne hadi sita kwa saa ishirini na nne ni sawa. Ukihesabu kumi na mbili au zaidi, ongeza tofauti, au hamia HI/LOW, au punguza kiwango cha juu cha moto ili lichukue muda mrefu kufika. Hilo la mwisho watu husahau: jiko linalowaka juu kabisa katika sebule ndogo litatosheka haraka hata ungepanga tofauti ya digrii tano.

Usiku na ratiba

Themostati yenye ratiba inakushawishi kushusha sana usiku. Kwa tanuri kubwa hilo linafaa. Jiko la peleti la BTU 40,000 kwa saa, sawa na kilowati 12 hivi, halina nguvu ya kurudisha nyumba iliyopoa digrii kumi. Litawaka juu kabisa asubuhi nzima na bado watoto wataenda shule chumba kikiwa baridi. Shusha 3°F hadi 4°F tu: 68 mchana, 64 usiku. Na panga kurudi kwa joto saa moja na nusu kabla ya kuamka. Anayeamka saa kumi na mbili asubuhi apange saa kumi na nusu alfajiri. Usiku wa baridi kali, chini ya 0°F (−18°C), usishushe kabisa.

Themostati za intaneti

Themostati nyingi za Wi-Fi zinahitaji umeme wa kudumu wa volti 24 kupitia waya wa C, na jiko kwa kawaida haliutoi. Baadhi hujaribu kunyonya umeme kidogo kupitia waya wa W hata zikiwa zimezima. Boila haitambui. Bodi ya jiko yenye volti 5 hutambua, na hudhani ni ombi la joto: jiko linawaka saa nane usiku bila sababu.

Suluhisho ni kutenganisha. Nunua transfoma ya plagi ya volti 24 AC, ya VA 20 hadi 40, na relei (swichi inayofungwa na umeme) yenye koili ya volti 24 AC. Waya mmoja wa transfoma uende R ya themostati, wa pili uende C ya themostati na pia upande mmoja wa koili ya relei. Kutoka W ya themostati, waya uende upande wa pili wa koili. Sasa chukua terminali mbili za jiko na uziunganishe na miguu ya relei iliyoandikwa COM na NO. Umeme wa transfoma haugusi jiko mahali popote; relei inafunga na kufungua swichi tu.

Kisha zima hila zote za kujifunza za themostati hiyo. Programu inayotambua kwamba umetoka nyumbani na kuzima jiko, kisha kuliwasha umerudi, itakuongezea mizunguko bila kukuuliza. Na usiliwashe jiko kwa simu ukiwa mbali kama hakuna mtu wa kukagua chungu.

Jiko likikataa

Haliwaki hata themostati ikiomba: chomoa plagi, toa nyaya mbili za themostati, unganisha terminali za jiko kwa kipande cha waya, rudisha plagi. Likiwaka, tatizo ni themostati, betri zake au waya. Lisipowaka, rudi kwenye jiko: swichi ya kuchagua njia imewekwa kwenye alama ya themostati? Mlango na droo ya majivu vimefungwa hasa? Swichi ya mvuto wa hewa haitaruhusu peleti zianguke kama gasketi, kamba ya kuzibia mlango, inavuja.

Peleti zinaanguka lakini hazishiki: kiwashio kimekufa, au tundu lake limezibwa na majivu, ambalo ndilo la kawaida zaidi. Kwangua chungu na usafishe tundu kabla hujanunua kiwashio kipya. Hapa kuna hatari ya kweli. Kila jaribio lililoshindikana huongeza peleti chunguni. Ukiwasha chungu kilichojaa, hutoa moshi mzito, na moshi huo ukishika ghafla unaweza kuufungua mlango wa jiko kwa kishindo. Mwaga peleti zote kwanza, kila mara, bila kusamehe.

Halizimi: kile kipande cha kiwandani bado kipo, au waya umebanwa na kugusana, au umepanga kiwango ambacho jiko haliwezi kukifikia siku ile. Toa waya mmoja wa themostati kwenye jiko. Likianza kuzima, kosa liko kwenye waya au kwenye kiwango ulichopanga.

Linafanya vizuri Novemba na vibaya Januari: ni uchafu. Chungu kila siku, droo ya majivu kila mifuko mitatu au minne, mabomba ya joto na feni kila tani moja, ambayo ni mifuko 50, na bomba la moshi angalau mara moja kwa mwaka. Majivu yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mbali na sakafu ya mbao, kwa siku kadhaa. King'ora cha kaboni monoksidi ni lazima kwenye kila ghorofa, na chumba cha kuhifadhia peleti nyingi kipitishe hewa, maana hata peleti ambazo hazijawashwa hutoa gesi hiyo.

Boila isilale usingizi

Themostati ya jiko ikishapangwa vizuri, inaleta tatizo jipya. Sebule inakaa 68°F siku zote, na mara nyingi themostati ya boila iko hapohapo sebuleni. Nayo inatosheka. Boila haiwaki wiki nzima, na mabomba ya maji yaliyo kwenye kuta za nje, chini ya sinki la jikoni na kwenye besmenti hayapati tone la joto. Usiku wa −10°F (−23°C) yanaganda, na yanapoyeyuka ndipo unagundua yalipasuka.

Hamisha themostati ya boila, au sensa yake, iende upande wa nyumba usiofikiwa na jiko, na uipange isishuke chini ya 55°F (13°C). Kama haihamishiki, usiku wa baridi kali pandisha ya boila juu ya joto la sebule kwa nusu saa kabla ya kulala na nusu saa tena alfajiri, ili maji ya moto yazunguke. Weka kipimajoto cha dola chache kwenye besmenti karibu na bomba lililo karibu zaidi na ukuta wa nje. Kikisoma chini ya 40°F (4°C), washa boila bila kujali sebule ina joto kiasi gani, na acha milango ya kabati la chini ya sinki wazi mpaka asubuhi.